Hivi DP (Democratic Party) ya Mchungaji Mtikila ilikuwa chama au ilikuwa kesi? Wana Dodoma njooni hapa

#1 Ndege wa Kizota
Wakuu mbukwenyi. Jana tumebishana kijiweni hapa Majengo mpaka kahawa ikapoa kwenye vikombe. Kuna mzee mmoja fundi baiskeli, akasema DP ya Mtikila haikuwahi kuwa chama, ilikuwa jalada la mahakamani lenye bendera. Watu wakacheka ila mimi nimelala nalo. Maana ukiangalia ni chama cha siku nyingi, kimesajiliwa 1992 vyama vingi viliporuhusiwa, mwenyekiti wake nchi nzima ilimjua, maneno yake kama walalahoi na magabacholi (yaani Wahindi) tunayo mpaka leo, lakini enzi zake zote hakuna mbunge hata wa dawa. Na ile kesi yao kubwa ya mgombea binafsi ilihukumiwa hapa hapa Dodoma. Sasa swali langu, kwanini hakikukua? Walibanwa au walijibana wenyewe? Wenye kumbukumbu mwageni.

#2 Dogo wa Nkuhungu
Nipo siti ya mbele na karanga zangu.

#3 Msomi wa Makole
Ndege umeanza vizuri ila hapo kwenye 1992 umeteleza. DP haikusajiliwa 1992. Usajili wa kudumu wamekuja kuupata 2002, yaani uchaguzi wa 1995 na wa 2000 yote imewapita wakiwa nje ya uzio wanachungulia.

Sababu ipo kwenye sheria ya vyama ya 1992. Ili upate usajili wa kudumu uwe na wanachama wasiopungua 200 kwenye kila mkoa, katika mikoa isiyopungua kumi, na katika hiyo kumi angalau miwili iwe ya Zanzibar, mmoja Unguja mmoja Pemba. Sasa Mtikila hoja yake ilikuwa Tanganyika irudi. Mtu anayesema kule ni nchi nyingine unamwambiaje apande boti aende Pemba akaandikishe watu mia mbili? Na sheria hiyo hiyo inakataa chama chenye nia ya kuvunja Muungano. Kwahiyo alikuwa amesimama mbele ya milango miwili na yote imefungwa kwa ndani.

#4 Ndege wa Kizota
Aisee asante mkuu, mi nilijua walikuwepo kwenye karatasi 1995. Sasa 2002 walipataje? Alikubali kwenda Pemba?

#5 Msomi wa Makole
Alitimiza masharti ndo akapewa. Wengine watakwambia alilegeza, wengine watakwambia alicheza na mfumo apate leseni aendelee kusema yale yale. Mimi naegemea la pili maana baada ya 2002 hotuba hazikubadilika hata nukta.

#6 Bi Zabibu
Mimi siasa sizijui sana ila Mtikila nilimjua kwa masikio. Kaka yangu alikuwa na kibanda cha kunyoa Chang'ombe, redio kaseti ya National imefungwa na mpira wa baiskeli mfuniko usidondoke. Kanda za Mtikila zilikuwa zinapita mkono kwa mkono, unaazimwa leo kesho unarudisha, na zilikuwa zimerekodiwa juu ya kanda za kwaya. Kwahiyo unasikia kwanza kwaya inaishia ishia, kuna sekunde kadhaa za shiiii, halafu sauti ya mchungaji inaingia kama radi. Kanda ikijikunja unaitoa taratibu unazungusha kwa penseli, na humo kibandani wateja wamekaa nusu kichwa kimenyolewa nusu bado, hakuna anayeondoka mpaka upande wa pili uishe.

Sasa nikuulize Ndege, katika wale wote waliokuwa wanapiga makofi pale, unadhani kuna aliyekuwa mwanachama? Hata kaka yangu mwenyewe hakuwa. Walikuwa wanamsikiliza kama wanavyosikiliza taarabu, mtu anamsema jirani yako we unafurahi. Kukichwa kila mtu na kadi yake ya zamani mfukoni. Kwahiyo mimi sisemi alibanwa na sheria, mimi nasema alikuwa na wasikilizaji, wanachama hakuwa nao.

#7 Dogo wa Nkuhungu
Bi Zabibu umeua. Nusu kichwa hahaha

#8 Mzee wa Reli
Vijana mnaongea kama vile kabla ya Mtikila hapakuwa na mtu. Huyo ni wa pili. Wa kwanza alikuwa Zuberi Mtemvu. Mwaka 1958 mwezi wa kwanza TANU walikutana Tabora kuamua kama washiriki ule uchaguzi wa kura tatu. Kwa wasiojua, Mwingereza alisema ukienda kupiga kura lazima uchague watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja, usipofanya hivyo kura yako imeharibika. Wengi hawakutaka kusikia. Nyerere akawashawishi waingie hivyo hivyo, ndio unaitwa Uamuzi wa Busara. Mtemvu akasema hapana, akatoka, akaanzisha African National Congress, siasa yake Afrika kwa Waafrika tu. Marehemu baba alikuwa stesheni hapa Dodoma, mtu wa kubadilisha njia za treni, kadi ya TANU, na alituambia waliokuwa upande wa Mtemvu waliitwa Wakongresi, na walikuwa wanaonekana kama watu wenye haraka.

Soma hiyo halafu uniambie kama hauioni DP humo ndani. Mtu anatoka na msimamo mkali wa utaifa, analaumu wenzake kwa ulaini juu ya Wahindi na Wazungu, anasikilizwa, kura hapati.

#9 Ndege wa Kizota
Shikamoo mzee. Hii ndo niliyoitaka. Hao ANC walipata kura ngapi?

#10 Mzee wa Reli
Marahaba. Uchaguzi wa 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, kile kimoja kikaenda Mbulu kwa Herman Sarwatt ambaye naye alikuwa mtu wa TANU aliyegombea kivyake baada ya kuachwa. ANC haikuambulia kitu. Halafu 1962 mwezi wa kumi na moja uchaguzi wa rais, Nyerere na Mtemvu peke yao. Nyerere 1,127,978. Mtemvu 21,276. Baada ya hapo alirudi TANU, na 1965 katiba ikasema chama ni kimoja, mchezo ukaisha.

#11 Chilonwa Moja
Mzee heshima yako, ila hapo kwa Sarwatt umetupa jiwe bila kujua limempiga nani. Kwahiyo mwaka 1960 mgombea binafsi aliruhusiwa na akashinda, halafu sisi miaka thelathini baadae Mtikila anaenda mahakamani kuomba kitu ambacho kilikuwepo tangu kwa Mwingereza??

#12 Mzee wa Reli
Ndio hivyo mwanangu.

#13 Kijana wa Area C
Mtikila 2005 si alipata kama asilimia 3 hivi? Kwahiyo alimzidi Mtemvu.

#14 Msomi wa Makole
Kijana hiyo ni chai. Asilimia 3 ametoa wapi. Uchaguzi wa Desemba 2005, ule uliosogezwa mbele baada ya mgombea mwenza wa CHADEMA kufariki, Mtikila alipata kura 31,083, ambayo ni asilimia 0.27. Alikuwa wa sita kati ya kumi, chini ya Mrema na marehemu Dokta Mvungi, juu ya Makaidi wa NLD. Kwa idadi ya vichwa kamzidi Mtemvu kama elfu kumi hivi, kwa asilimia Mtemvu kamzidi mara sita na zaidi, maana Mtemvu alikuwa na 1.85. Chagua unayoitaka.

#15 Kijana wa Area C
Haya nimekubali, nilichanganya na mtu mwingine. Lakini vichwa ni vichwa bwana.

#16 Duka la Baba
Nimeusoma huu uzi kimya kimya nikasema ngoja nami niseme. Mimi ni hao hao mnaowaita magabacholi. Babu alifika Dodoma na reli, baba kazaliwa Uhindini hapa, mimi nimezaliwa hospitali hiyo hiyo mliyozaliwa nyie, na Kigogo nakisikia kuliko nusu ya wanaochangia humu.

Mwanzoni mwa 1993 baada ya mkutano wa Mtikila Dar watu waliingia mitaani, magari ya Wahindi yakapigwa mawe. Huku Dodoma hakukutokea kitu. Lakini simu ilipigwa usiku kutoka kwa shangazi Dar, na kesho yake baba alifungua duka mlango nusu. Wiki nzima mlango nusu. Duka la vitambaa ukifungua nusu ndani giza, mteja haoni rangi. Siku ya tatu akaja bibi mmoja kutoka upande wa Zuzu kule, alikuwa anakuja miaka yote, amefiwa, anataka kaniki. Akakuta mlango nusu akadhani tumefunga, akazunguka uani akagonga. Baba akamletea jora mpaka jikoni, mimi nimeshika tochi, akampimia pale pale kwenye meza ya unga. Bibi akauliza kwanini mnakaa gizani kama mmefiwa nyie. Baba hakumjibu. Na wala hakuchukua hela.

Kwahiyo mkisema kwanini DP haikukua, mimi nasema huku bara la kati watu walikuwa wanacheka kanda kwa kinyozi halafu wanakuja dukani kuchukua kwa daftari. Huwezi kumfukuza mtu unayedaiwa naye. Sijui kama ni sababu ya kisomi ila ndo ninayoijua.

#17 Bi Zabibu
Kaka Duka la Baba pole. Mimi nilicheka kwenye zile kanda, sikuwahi kufikiria kuna mtu kashika tochi upande wa pili. Samahani kwa kweli.

#18 Duka la Baba
Haina shida dada, ni zamani. Na baba mwenyewe alikuwa nayo moja. Alisema lazima ujue unachosemwa.

#19 Chilonwa Moja
Pole mkuu. Ila niirudishe kwenye siasa kidogo. Mnaacha jambo kubwa. Mwaka ule ule 1993 ndo wabunge wa CCM wenyewe, lile kundi la G55 na kina Njelu Kasaka, walisimama Bungeni wakataka serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, baada ya sokomoko la Zanzibar kujiunga OIC, ile jumuiya ya nchi za Kiislamu. Na azimio likapita! Sasa wewe una chama hakijasajiliwa, ajenda yako kuu ni Tanganyika, halafu unaamka asubuhi unakuta wabunge wa chama tawala ndo wanaipigia kelele Bungeni kwa posho. Utabaki na nini? Walimpokonya mpira. Na walipotulizwa na Mwalimu mwaka uliofuata, ajenda ikazikwa na yeye akiwa ndani ya kaburi hilo hilo. Kwahiyo ni G55 ndo waliimaliza DP wala sio msajili.

#20 Kijana wa Area C
Kwani G55 si ndo walikuwa DP kwa siri?

#21 Chilonwa Moja
Hapana kijana, acha. G55 walikuwa CCM damu. Wao walitaka serikali tatu, Muungano ubaki. Mtikila alikuwa mbali zaidi ya hapo.

#22 Msomi wa Makole
Chilonwa hoja nzuri ila siikubali yote. Kama G55 ndo waliiua, mbona UPDP, NLD, na vingine vidogo ambavyo havikuwa na ajenda ya Tanganyika navyo havikukua? Tatizo ni ruzuku. Ukikosa mbunge na ukikosa asilimia tano ya kura, ruzuku hupati. Usipopata ruzuku huna ofisi mkoani. Usipokuwa na ofisi hupati mbunge. Mzunguko huo. DP wakati wenzake wanagawana mwaka 1995 yeye hata karatasi hayupo.

#23 Mzee wa Reli
Mtemvu naye alikosa ruzuku?

#24 Dogo wa Nkuhungu
Mzee amepiga penati hahahaha

#25 Msomi wa Makole
Hapo mzee umenikamata. Naomba muda.

#26 Fundi Fotokopi
Habari zenu wakuu. Mmezunguka kote hamjafika kwenye kesi yenyewe wakati mada imesema chama au kesi. Mimi 1994 mpaka 1997 nilikuwa nafanya kazi steshenari moja hapa mjini, mashine mbili za fotokopi, moja mbovu. Hukumu ya Jaji Lugakingira ilisomwa Mahakama Kuu hapa Dodoma tarehe 24 Oktoba 1994. Shauri la madai namba 5 la 1993, Mchungaji Mtikila dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Najua kwa sababu ule ukurasa wa kwanza nimeutoa nakala mpaka nauona nikifumba macho.

Sasa sikilizeni. Hukumu ilikuwa ya Kiingereza na ndefu. Mtikila alikuwa ameomba vitu vingi, vingine vikagonga mwamba. Lakini vitatu vilikaa. Kwanza jaji alisema raia yeyote anaweza kufungua kesi kulinda Katiba, sio mpaka ikuume wewe binafsi. Pili mtu agombee bila chama. Tatu, kulazimisha watu kuomba kibali polisi ili wafanye mkutano ni kinyume cha Katiba. Hapo kwenye tatu ndo biashara yetu ilipochangamka. Maana mwaka unaofuata ni uchaguzi. Walikuwa wanakuja makatibu wa vyama kutoka Kondoa, Mpwapwa, Kongwa, Bahi, wengine vumbi mpaka kwenye kope, wanasema "nipe ule ukurasa wa vibali tu". Hukumu nzima ghali, ukurasa mmoja anaumudu. Anaukunja mara nne anaweka mfuko wa shati. Akienda kituoni kupeleka taarifa ya mkutano, askari akisema hakuna, anautoa anaukunjua juu ya kaunta.

Mmoja wa chama fulani sitakitaja alirudi kwetu wiki iliyofuata anataka mwingine. Tukamuuliza ule uko wapi. Akasema mkuu wa kituo kimoja huko wilayani aliusoma mpaka mwisho, akauliza huyu jaji yuko wapi, akaambiwa Dodoma, akasema basi nenda kafanyie mkutano Dodoma, na karatasi akabaki nayo.

Kwahiyo mimi namuunga mkono yule fundi baiskeli. Ilikuwa kesi. Lakini watu wa vyama vingine vyote, hata wasiompenda, walitembea na kesi ya Mtikila mfukoni.

#27 Ndege wa Kizota
Fundi umenimaliza. Kumbe vyama vikubwa vilipanda mgongoni mwa chama kisichosajiliwa!

#28 Kijana wa Area C
Sasa kama alishinda 1994 mbona mgombea binafsi hamna mpaka leo?

#29 Msomi wa Makole
Hapo nakujibu nikiwa na nguvu mpya. Alishinda Oktoba 1994, Desemba Bunge likapitisha mabadiliko ya Katiba kwamba mgombea lazima adhaminiwe na chama. Wakafunga mlango. Akakaa, 2005 akarudi Mahakama Kuu kupinga hayo mabadiliko yenyewe. Mei 2006 akashinda tena. Serikali ikakata rufaa. Juni 2010 Mahakama ya Rufani, majaji saba, wakasema hili la kisiasa, waamue Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika.

#30 Chilonwa Moja
Ile ya Addis.

#31 Msomi wa Makole
Ya Arusha mkuu, Addis ni makao ya Umoja wa Afrika. Wakaungana na shauri la chama cha wanasheria TLS na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na tarehe 14 Juni 2013 wakashinda, mahakama ikasema kumlazimisha mtu apitie chama kunavunja mkataba wa haki za Afrika. Kwahiyo ubao unasomeka alishinda Dodoma, akashinda Dar, akashindwa Rufani, akashinda Arusha, na mgombea binafsi bado hamna.

#32 Bi Zabibu
Lakini mbona hamshangai jambo moja. Mwenyekiti wa chama anazunguka mahakamani miaka ishirini kupigania haki ya mtu kugombea BILA chama. Angeshinda moja kwa moja nani angejiunga na DP? Ni sawa na mwenye daladala anayepigania watu watembee kwa miguu.

#33 Mzee wa Reli
Huyu binti ana akili.

#34 Fundi Fotokopi
Bi Zabibu sasa geuza. Alipofungua kesi alikuwa na chama kisichotambulika. Kama asingeruhusiwa kama chama basi aruhusiwe kama mtu. Mbona hiyo ina mantiki kabisa.

#35 Bi Zabibu
Sawa, ya 1993 nakubali. Lakini ile ya 2005 chama anacho! Na karatasi ya urais yupo!

#36 Fundi Fotokopi
Hapo sina jibu. Mchungaji alikuwa mchungaji.

#37 Mkulima wa Bahi
Mimi nitoe langu maana mgombea binafsi kwangu sio stori ya magazetini. 2014 uchaguzi wa serikali za mitaa nilitaka uenyekiti wa kijiji. Kwenye kura za maoni za chama changu niliongoza, watu wamenipanga foleni mpaka mwembe wa shule. Majina yakaenda juu. Yaliporudi langu halipo. Nikauliza nikaambiwa wamezingatia vigezo. Vigezo gani hakuna anayejua.

Jamaa yangu akaniambia kama ungekuwa binafsi ungepita asubuhi, lakini sheria haikutaki, tafuta chama cha kukodi. Nikapata chama kidogo, sio DP, cha namna hiyo hiyo, katibu wao wa wilaya ofisi yake ni begi jeusi. Muhuri uko kwenye begi, fomu ziko kwenye begi, bendera ipo chini kabisa imefungia chapati. Akanigongea fomu juu ya goti. Nikasimama. Shida ni kwamba wiki moja haitoshi kuwaambia bibi zangu wa kijijini kwamba yule mtu mliyemzoea sasa jina la chama chake ni lingine. Siku ya kura wengine wametoka wananipongeza, mwanangu tumekupa, nauliza mmeandika nini, wanataja chama cha zamani. Nilipata 41. Wake zangu wawili wamo, na mimi mwenyewe.

Ndo maana huwa namkumbuka Mtikila bila kuwa mfuasi wake. Hata siku moja sijawahi kusikiliza hizo kanda.

#38 Dogo wa Nkuhungu
Bendera imefungia chapati wakuu nimeanguka kwenye kiti

#39 Chilonwa Moja
Mkulima una uhakika wake zako wote wawili walikupa?

#40 Mkulima wa Bahi
Mmoja nina uhakika.

#41 Duka la Baba
Hahahaha. Hii Dodoma bwana.

#42 Kijana wa Area C
Kwanini lakini ile kesi ya kwanza ilifunguliwa Dodoma na yeye shughuli zake zote Dar? Nasikia alimfuata jaji.

#43 Msomi wa Makole
Jaji huchagui kama nyama buchani. Unafungua, unapangiwa.

#44 Mzee wa Reli
Dodoma ilishatangazwa makao makuu tangu 1973, mtu anayeishtaki serikali anaweza kutaka aishtakie penye makao yake hata kama mawaziri wenyewe walikuwa bado wako Dar. Ni dhana yangu.

#45 Bi Zabibu
Au alitaka utulivu. Dar kila akikohoa kuna umati. Huku ilikuwa vumbi na upepo, watu wako shambani kwenye uwele.

#46 Fundi Fotokopi
Au mashine yetu ya fotokopi ilikuwa bei nafuu.

#47 Chilonwa Moja
Na msisahau 2014 alirudi huku kama mjumbe wa Bunge Maalum la Katiba. Rasimu ya Katiba mpya ya tume ya Warioba ilikuja na serikali tatu ndani yake, na mgombea huru ndani yake. Yaani vitu vinavyokaribia vile viwili alivyoimba tangu 1993 vimechapwa kwenye kitabu cha serikali. Serikali tatu zikatolewa humo humo ukumbini. Na mwaka uliofuata, tarehe 4 Oktoba 2015, akafa kwa ajali ya gari maeneo ya Msolwa kule Chalinze, wiki tatu kabla ya uchaguzi.

#48 Mzee wa Reli
Mungu amrehemu. Alikuwa jasiri, na mengine alikosea sana, kama hayo ya mlango nusu.

#49 Duka la Baba
Amina mzee.

#50 Kijana wa Area C
Sasa DP yenyewe bado ipo au ilizikwa naye?

#51 Msomi wa Makole
Ipo. 2020 walisimamisha mgombea urais, Philipo Fumbo. Na hapo ndo hoja ya chama cha mtu mmoja inapata shida, maana mtu huyo ameondoka na chama kimebaki. Kingekuwa Mtikila tu, kingekufa barabarani pale.

#52 Bi Zabibu
Kubaki ni kitu kimoja Msomi. Taja mtu mmoja hapa mtaani kwako anayekijua leo.

#53 Msomi wa Makole
Naona umeamua kunimaliza leo. Bado natafuta pia jibu la ruzuku ya Mtemvu.

#54 Ndege wa Kizota
Wakuu nimerudi kijiweni leo nikamsomea fundi baiskeli uzi wote kwenye simu, alikuwa anaziba pancha anasikiliza. Nilipofika kwenye 21,276 na 31,083 akaniambia rudia, akachukua chaki akaandika zote mbili kwenye ukuta wa bati, moja juu ya nyingine, akaziangalia. Halafu akaniuliza mwaka 1962 watu waliopiga kura walikuwa wangapi na 2005 wangapi. Ya 1962 nikajumlisha za mzee hapo juu, kama milioni moja na laki moja na nusu. Ya 2005 nikasema zaidi ya milioni kumi na moja. Akasema basi Mkongresi alikuwa mkubwa kuliko mchungaji. Waliokuwa wanacheza bao wakasimama, mmoja anasema vichwa ni vichwa, mwingine anasema asilimia, ubishi umeanza upya nimewaacha pale pale. Fundi Fotokopi, ule ukurasa wa vibali unao bado? Anautaka ukutani.

#55 Kijana wa Area C
Huyo wa vichwa ni vichwa mnunulieni kahawa nitalipa.

#56 Fundi Fotokopi
Steshenari ilipofungwa nilichukua boksi moja la nakala zilizoharibika, lipo kwa mama Kongwa juu ya dari. Jumamosi naenda kupeleka mbegu, nitapanda niangalie. Kama panya wameniachia chochote naleta.